Baridi yabisi ya vidole: nyinyi mwaishi nayo vipi siku hadi siku?

mama_wa_langoni (Lamu)

Asalam aleikum jamani, na habari zenu nyote mlio humu. Niko Lamu mtaa wa Langoni, nna miaka thelathini na kidogo, watoto watatu, riziki yangu ni mahamri na mkate wa mofa, nauza asubuhi watu wakitoka msikitini na wale wanaovuka kwenda kazini Mokowe. Hapa naandika kwa kidole gumba cha kushoto maana mkono wa kulia leo haukunjiki, basi mkiona herufi zimepotea mnivumilie.

Mambo yalianza na vifundo vya vidole, mikono yote miwili sawasawa, halafu nyayo. Asubuhi nikiteremka kitandani siwezi kukanyaga sakafu mpaka nishike ukuta. Nkaambiwa ni baridi, ati wachezea maji usiku, wengine wakasema ni ile chikungunya imerudi, kuna zahanati moja nkatibiwa brusela mara mbili na maumivu hayakutikisika. Mwisho kakangu akanipeleka Mombasa, damu ikapimwa, mikono ikapigwa picha, daktari akasema ni rumatoidi athraitisi, ndo hii baridi yabisi, ati kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo yashambulia viungo, na ni ugonjwa wa kuishi nao. Nkapewa methotreksati ya kumeza mara moja kwa wiki, asidi ya foliki, na prednisoloni kidogo za kuanzia.

Sasa ni mwezi na kitu na bado naumwa. Si kama mwanzo lakini naumwa. Mama mkwe aniambia niache hizo dawa zaua ini, jirani aniletea mafuta, na mume wangu ni mtu mzuri lakini akiniona mchana nacheka na watoto hudhani asubuhi nlikuwa najiregeza. Swali langu si la dawa peke yake, nataka kusikia walio nao huu ugonjwa mwaamka vipi, mwapika vipi, kazi ya mikono mwaifanya vipi? Unga nisipoukanda mimi nani ataukanda? Na je, hii hali yaja kupungua au ndo nijizoeshe?

mwl_zuhura_mld (Malindi)

Waaleikum salam mdogo wangu. Nimesoma yote, na hapo pa kushika ukuta nimesimama kidogo kwa sababu napajua. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi, ugonjwa huu umenianza kabla ya kitinda mimba wangu kuzaliwa na sasa yuko sekondari, nafundisha, napika, natembea. Kwa hivo jibu la swali lako la mwisho ni ndio, yaja kupungua, lakini haipungui kwa kungojea.

Hiyo methotreksati haiondoi maumivu leo kwa leo. Yafanya kazi chini kwa chini, wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki 6 hadi 12, na mara nyingi daktari hukuanzia dozi ndogo halafu aipandishe polepole. Kwa hivo mwezi na kitu ni mapema mno kusema imeshindwa. Watu wengi huachia hapo hapo ulipo wewe, kwa sababu prednisoloni imeanza kupunguzwa na ile nyingine bado haijashika, katikati pana pengo na ndani ya hilo pengo mtu aumia kweli. Dawa za maumivu zanyamazisha kilio tu, ile ya wiki ndiyo yazuia mfupa usiliwe. Ukiacha, kiungo kikishapinda hakuna dawa ya kukirudisha kilivyokuwa. Kwa hili ntasimama na mama mkwe wako nikibishana naye mpaka jua litue, kwa heshima zake.

Sasa asubuhi. Asubuhi ni yake huu ugonjwa, usishindane naye pale. Mimi naamka kabla ya adhana ya alfajiri, kando ya kitanda nna chupa ya chai, mkate au biskuti, na tembe ya maumivu niliyoandikiwa, nala kwanza kidogo ndo nameza, halafu narudi kujilaza. Nikiwa bado nimejifunika nafunga ngumi nafungua, polepole, nazungusha viganja, napiga miguu juu chini. Haina haja ya nguvu. Kisha natia maji ya moto kwenye beseni, ya kuvumilika si ya kuunguza, nazamisha mikono mpaka naona vidole vimeanza kusikia. Maji ya udhu pia ni ya vuguvugu. Ikifika wakati wa kutoka kwenda shule mikono yanitii. Zamani ugumu wa asubuhi ulikuwa wanichukua saa mbili nzima, sasa ni kidogo tu na siku nyingine sina kabisa. Na hesabu hizo dakika ukimwona daktari, kwa sababu ndo moja ya vitu anavyoangalia kujua dawa imeshika au la, usimwambie tu "naumwa".

Hiki kwako ni kigumu kwa sababu biashara yako ni ya asubuhi. Unga wa mahamri kanda jioni, jioni mikono huwa laini, uache uumuke usiku, alfajiri ibaki kukata na kukaanga. Ukikanda tumia kitako cha kiganja na uzito wa mabega, usikamate kwa ncha za vidole. Kanda vidonge viwili vitatu vidogo badala ya donge moja kubwa. Na tafadhali inuka pale chini, weka meza ya urefu wa kiwiko, ukae kwenye stuli. Mbuzi ya kukunia nazi mimi niliigawa, nanunua nazi iliyokunwa sokoni au natumia blenda, na tui sikamui kwa kupotoa kitambaa maana ile ndo yavunja kiganja, nalimimina kwenye chujio na kuligandamiza kwa sahani. Mwiko na kijiko cha kuepulia nimevizungushia kitambaa mpaka vikawa vinene, kitu kinene hakitaki kubanwa sana. Dumu la lita 20 sahau, nunua ya lita 5, beba mbili mbili, na beba kwa mkono mzima kifuani, si kwa vidole.

Kitu ambacho watu hawakisemi ni uchovu. Maumivu yaweza kupoa kabisa na bado ukajihisi umebeba mtu mwengine juu yako. Hiyo si uvivu wala si shetani, ni ugonjwa wenyewe, uvimbe ule hauko kwenye viungo peke yake uko mwilini mzima, na saa nyingine damu pia imepungua, waambie wakupime. Mimi nikirudi shule nalala kabla ya alasiri na nyumba nzima yajua saa hiyo mama haitwi.

Kuhusu mume: mpeleke kliniki. Asikae nje, aingie ndani, akae kwenye kiti, asikie daktari akisema kwa mdomo wake. Wangu alitoka pale akaniuliza, "kumbe asubuhi ndo mbaya?" na toka siku ile beseni la maji ya moto analeta yeye. Mimi nilikuwa nimemwambia maneno yale yale miezi yote, lakini wallahi kuna mambo mtu huyasikia vizuri kwa mgeni.

fundi_matondoni

Mwanangu pole. Niko Matondoni, fundi wa majahazi, mimi ni mwanamume na n'nao huu ugonjwa kwa hivo wanaosema ni wa wanawake waambie si hivo, ni kweli wanawake huupata mara mbili tatu kuliko sisi lakini na sisi hutupata.

Mimi ulinianza kwa viganja, tezo ikawa yaniponyoka mkononi, keekee sikuweza kuivuta. Kwa fundi hiyo ni aibu kubwa nikawa nafanya kazi kwa siri wenzangu wakishaondoka. Sasa mpini wa tezo na wa nyundo nimeuvisha mpira wa ndani wa baiskeli mikunjo kadhaa, unanyonya ule mshindo usifike kwenye kifundo. Kutia kalafati, kuziba mianya ya mbao, nimewaachia vijana kabisa maana ile ni kazi ya kugonga kutwa na kujikunja. Mimi napima, nachora mbavu za chombo, naelekeza, na ndiya hiyo riziki haijakatika Alhamdulillahi, jahazi moya laenda na vijana wanne wanaojifunza, zamani walikuwa wawili.

La pili, kiungo kikiwa kimevimba na kina moto kipumzishe, weka kitambaa cha maji baridi, yale ya moto ni kwa ugumu wa asubuhi. Lakini usilale kitandani siku nzima, kiungo kikilala sana chakamaa na misuli yaisha. Usitumikishe, tembeza tu.

La tatu ni sigara. Wewe huvuti najua, lakini kama kuna mtu humu anavuta na ana ugonjwa huu aache, sigara huuzidisha na dawa hazishiki vizuri. Daktari alinambia na nikaacha, nguvu zimerudi.

abu_twahir

Dada zangu na kaka zangu msiwe wepesi wa kumeza makemikali. Sisi wazee wetu walikuwa na baridi yabisi na hawakuijua methotreksati. Habasoda asubuhi kijiko, mafuta ya mbarika kuchua usiku, tangawizi, na hijama, kule kuumikwa damu, kila mwezi kwenye tarehe zake za sunna. Nimeona watu wamepona. Dawa za hospitali zaharibu ini hata wao wenyewe madaktari wakubali.

binti_mkomani (Lamu)

Abu Twahir Mungu akulipe kwa nia yako, lakini mimi nna mamangu na nataka niseme nlichokiona kwa macho yangu. Mama ana ugonjwa huu na vidole vyake vimepinda upande wa kidole cha mwisho, haviwezi kufunga kifungo. Wazee wetu hao unaowasema walikuwepo ndiyo, lakini nyanya yangu pia vidole vilikuwa hivo hivo na alilishwa kwa mkono miaka yake ya mwisho, tulikuwa twaita uzee, na hakuwa mzee.

Mwaka juzi mama alinunua unga fulani kwa mtu anayepita na mkoba, ati ni mizizi mitupu. Siku mbili maumivu yakaisha kabisa, nyumba nzima tukamshukuru yule mtu, mama akapanda ngazi mwenyewe. Baada ya miezi uso ukawa wa mviringo, ngozi ya mikono ikawa yachubuka kwa kuguswa tu, sukari ikapanda na hakuwa na sukari kabla. Hospitali wakatuambia dalili zote ni za mtu anayekula steroidi nyingi, zile za jamii ya prednisoloni, kwa siri, na ati dawa kama hizo za unga kutiwa steroidi ni jambo lajulikana, na hatari yake nyingine ni kwamba hatukuweza hata kuukatisha kwa ghafla ule unga, ilibidi washuke naye polepole kwa vidonge vinavyopimika maana mwili ulikuwa umeshazoea. Kwa hivo mimi kitu chochote kinachomaliza maumivu ya rumatoidi kwa siku mbili na hakina jina kwenye karatasi, nakiogopa.

Kuchua kwa mafuta mama bado nachua, yampa raha, sijakataza. Tangawizi kwenye chai pia. Raha ni raha. Lakini dawa yake ya wiki anayomeza Ijumaa siikatizi.

Na wewe mama wa Langoni, nyumba yenu jiko liko wapi? Sisi nyumba ni ya mawe ya zamani, jiko liko juu darini, ngazi zile mwazijua, kila kipande na urefu wake. Tulipoteremsha meko chini kiwandani, yaani uani, mama alipata nafuu kubwa, watu wa nyumbani walilalamika moshi na harufu lakini walizoea. Na ngazini tumefunga kamba nene ya chombo ukutani, ashike.

nesi_wa_kliniki (Malindi)

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, niko kliniki ya magonjwa ya kudumu, na kwa kuwa simwoni mgonjwa hapa sitabadilisha dozi ya mtu, hayo ni ya daktari wake. Lakini kuna mambo machache nimeyaona hapo juu na yasipite.

Kubwa kuliko yote: methotreksati ni MARA MOJA KWA WIKI. Siku moja, ile ile. Vidonge vingi ni vya miligramu 2.5 kwa hivo mtu humeza kadhaa kwa mpigo, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa wakavigawanya kila siku kama panadol. Kuna watu wamekufa kwa kosa hilo duniani, chembe za damu zaisha, mdomo wachubuka wote. Andika siku kwenye pakiti kwa kalamu, kama ni Ijumaa ni Ijumaa, na mtu mwengine nyumbani ajue. Asidi ya foliki wengi huambiwa wameze siku nyingine, si ile ya methotreksati, fuata ulivyoandikiwa.

Mama mkwe hakukosea kabisa kusema ini. Ndiyo maana kuna vipimo vya damu, ini na figo na hesabu ya damu, mwanzoni kila wiki mbili hadi nne, baadaye mambo yakitulia yaweza kuwa kila miezi mitatu. Ini likianza kulalamika kipimo chaonyesha kabla wewe hujahisi kitu, daktari apunguza au abadilisha. Hatari ni kumeza bila kupima. Na vipimo hivyo vya kawaida havihitaji uende Mombasa, hospitali kubwa ya King Fahd hapo Lamu waulize, upeleke majibu tu kwa daktari wako.

Ukipata homa, koo kuwasha sana, vidonda mdomoni, kikohozi kikavu na pumzi kuwa fupi, usimeze dozi ya wiki hiyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na popote utakapotibiwa, hata jino, sema unatumia methotreksati. Hasa usipewe septrini, ile antibiotiki. Septrini na methotreksati pamoja zaweza kuangusha damu vibaya sana, na hapa kwetu septrini yatolewa kwa kila kitu. Dawa za maumivu pia, usichanganye diklofenaki na brufeni kwa pamoja, moja tu, pamoja na chakula, na kama una vidonda vya tumbo au presha sema mapema.

Hijama: kuchanja ngozi ukiwa unatumia dawa inayoshusha kinga ni kufungulia vijidudu mlango, na kuchanja juu ya kiungo kilichovimba mimi sishauri kabisa. Abu Twahir usinielewe vibaya.

Na wale wanaosema chikungunya hawasemi ovyo. Mwaka 2004 Lamu ilipata mlipuko mkubwa sana, watu wengi wa mji waliugua kwa miezi michache, ukafika Mombasa mwaka ule ule, halafu Komoro na visiwa vya Bahari ya Hindi mwaka uliofuata. Kulikuwa na ukame, maji yakawekwa majumbani kwenye mitungi na mapipa yasiyofunikwa, na mbu wake hupenda maji hayo hayo. Chikungunya yaweza kuacha maumivu ya viungo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na ukiangalia mikono tu yafanana sana na rumatoidi. Tofauti ni kwamba yenyewe huanza kwa ghafla na homa kali, na vipimo vya damu kama anti-CCP pamoja na picha ya eksirei husaidia kutenganisha. Kipimo cha kile wanachoita rumatoidi fakta peke yake hakitoshi, kuna wagonjwa wa kweli ambao hutoka hasi, na kuna wazima au wenye magonjwa mengine ambao hutoka chanya. Kwa hivo yule aliyekutibu brusela mara mbili ningependa angeangalia mikono yote miwili na kuuliza asubuhi yako ikoje, hilo halina gharama.

abu_twahir

Nimekusikia muuguzi. La septrini sikulijua na nna shemeji anatumia hii dawa, nampigia simu sasa hivi.

mama_wa_langoni

Jamani nimesoma nikalia, wallahi. Shukran nyote. Mwalimu nimemsomea mume wangu maneno yako, ameondoka kimya, jioni amekuja na stuli mbili kutoka kwa seremala na amesema meza atailipia mwisho wa mwezi. Binti Mkomani, jiko letu liko chini lakini mofa iko uani na yataka kuinama, nafikiria mofa nimwachie shangazi tugawane faida, mimi nibaki na mahamri. Yaniuma kuachia maana mofa nilifunzwa na mamangu lakini nikiangalia mkono wangu naona ndo sawa.

Nna mengine mawili. Moja ni Ramadhani inakuja na swala pia, sijda siku mbaya siwezi kuweka viganja chini kabisa. La pili naona haya kidogo lakini ntauliza, mume wangu yuataka mtoto mwengine na mimi pia sijakataa, hizi dawa zaruhusu?

nesi_wa_kliniki

Usione haya, hilo la mtoto ndilo swali la maana kuliko yote uliyouliza. Methotreksati HAIRUHUSIWI ukiwa mjamzito, yaharibu mimba na yaweza kumlemaza mtoto, na ukinyonyesha pia hapana. Kwa sasa tumia njia ya uzazi ya kuaminika, si ya kubahatisha, na siku mkiamua mwataka mtoto mwambie daktari mapema, wengi husimamisha angalau miezi 3 kabla ya kuanza kujaribu. Haina maana utabaki bila dawa, kuna hidroksiklorokwini na salfasalazini ambazo hutumika hata kwenye ujauzito. Wanawake wengi wenye rumatoidi huzaa watoto wazima, na wengine maumivu hupungua wakiwa na mimba, ila baada ya kujifungua mara nyingi hurudi kwa nguvu kwa hivo miezi ile ya mwanzo ujipange na watu wa kukusaidia kumbeba mtoto. Ukichelewa siku zako leo hivi ukiwa kwenye methotreksati, usimeze nyingine, pima kwanza.

Dawa ya wiki na saumu hazigombani, imeze usiku baada ya futari. Taabu ni tembe za maumivu, hizo hazitaki tumbo tupu, kwa hivo ni futari na daku tu. Ukiona daku haikufikishi, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama.

mwl_zuhura_mld

Kwenye swala mimi siku mbaya naswali kwenye kiti, sijda naashiria kwa kichwa. Nilimuuliza shekhe wetu akanisomea ile hadithi ya kuswali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, usipoweza kwa ubavu. Na saumu mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qurani, atalipa siku nyingine. Ramadhani moja ugonjwa ulinikamata vibaya nikafungua nikalipa baadaye wakati wa baridi siku zikiwa nyepesi. Nyumbani walionung'unika niliwaacha wanung'unike. Nilikuwa naumwa, na wao hawakuwa ndani ya mikono yangu.

Nyingine niliyosahau, bahari. Kaskazi maji yakiwa matulivu mimi hutembea baharini maji ya kifua, jioni, nusu saa hivi, maji yabeba uzito na magoti hayasemi neno. Kama waona haya nenda na wenzio wa kike alfajiri pwani ya Shela, watu bado. Usiku kwenye viganja navaa banzi nilizotengenezewa na fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, zanyoosha mkono usilale umekunjika. Uliza, mara nyingi hospitali za umma wanazo za kutengeneza hapo hapo.

mama_wa_langoni

Naandika yote kwenye daftari la duka. Kliniki yangu ya Mombasa ni wiki ijayo, na safari yenyewe ndo inanitisha kuliko sindano, mara ya mwisho nlipofika Garsen magoti yalikuwa hayanyooki na kushuka jeti Mokowe nlibebwa.

binti_mkomani

Omba kiti cha mbele cha ujia, unyooshe mguu, na basi likisimama hata dakika mbili shuka usimame, usikae tu kwa kuogopa kuachwa, mwambie konda mapema kuwa wewe ni mgonjwa. Dawa ziweke kwenye mkoba wa mkononi si kwenye buti. Karatasi za vipimo zote na kadi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwenye faili moja, sisi tuliwahi kurudishwa kwa karatasi moja tu iliyobaki nyumbani.

mwl_zuhura_mld

Au ukate safari hapa Malindi, ulale, asubuhi ya pili uendelee ukiwa umepoa. Nitumie ujumbe kando nikuelekeze. Chumba kipo na beseni la maji ya moto lipo.

fundi_matondoni

Na kabla hujakata tikiti angalia maji ya bahari siku hiyo. Maji yakikupwa boti yakaa chini sana na ngazi za jeti zina utelezi wa mwani, hapo ndo watu wa magoti twapata shida. Maji yakijaa boti yalingana na jeti wapiga hatua moya tu waingia. Wiki ijayo Jumanne na Jumatano alfajiri maji yatakuwa yamejaa vizuri, mwambie nahodha wako usiku wake akungoje upande wa ngazi pana.

mama_wa_langoni

Jumatano basi. Mwalimu nakutumia ujumbe sasa hivi.